Fikasi ni Mti Kabla ya Kuwa Ua

Hotuba kwa watunza bustani na wenye nyumba wa Malindi, mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika

Asalaam aleikum wazee wangu na kina mama. Wenzetu wa kanisani nao, Bwana asifiwe. Na nyinyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja, makasi bado mikononi, karibuni sana, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno haya ni yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya ua wa fikasi: namna ya kuupanda na namna ya kuishi nao. Nimeomba tukutane sasa kwa sababu kusi ikishaanza na mvua ya kwanza ikishanyesha, kila mwenye kiwanja hapa mjini atakimbilia kitaluni kununua miche. Maneno haya yana faida mtu akiwa bado hajatoa pesa mfukoni. Akishapanda mahali pabaya, kinachobaki ni gharama ya kung'oa.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote nitakayosema leo: fikasi ni mti. Mche ukiuona kitaluni ndani ya mfuko mweusi, umefika magotini, majani yanang'aa, unauona ni pambo. Lakini kwao, kuanzia India na kusini mashariki mwa Asia hadi kaskazini mwa Australia, mti huo hufika mita 15 na kuzidi, na kivuli chake hukaliwa na watu wengi. Ni jamaa wa mtini na jamaa wa mkuyu wetu, ukoo wenye aina zaidi ya 800 duniani. Ule ua mnaouona Barabara ya Casuarina, umenyooka juu na pande zote, ni safu ya miti mikubwa ambayo kuna mtu anaizuia kila baada ya wiki chache. Mtu huyo akiachishwa kazi mwenye nyumba akisafiri, msimu mmoja wa mvua unatosha kuona mti unavyorudi kwenye asili yake: matawi juu ya waya za stima, njia ya watu imezibwa, na chini ua umeanza kutoboka.

Kwa hiyo anayepanda fikasi na ajue kwamba amejitwika kazi ya kuikata kwa maisha yote ya mti, na mti huo waweza kumzidi umri. Kama hana mtu wa kukata, na mwenyewe hana nafasi, nitamtajia mbele kidogo kitu kingine cha kupanda.

Aina mbili ndizo zinazofanya ua mzuri kwa joto la pwani. Moja vitabuni inaitwa Ficus benjamina: jani jembamba, ncha yake imevutika ikawa na kijimkia, na vitawi vinainama chini. Ya pili ni Ficus microcarpa, ambayo wauzaji wengi wa miche huiita nitida. Jani lake ni nene zaidi, gumu kidogo ukilikunja, na ncha yake ni fupi. Kwa mwenye nyumba ya ndani, tuseme Barani au Maweni, yoyote kati ya hizo itamfaa. Kwa aliye karibu na bahari, mimi nasema achukue hiyo ya pili, inavumilia chumvi vizuri zaidi. Na aliye mstari wa mbele kabisa, anayepigwa na kusi moja kwa moja kuanzia Aprili hadi Septemba, asiipande upande wa bahari. Majani yataungua kingo, vichipukizi vitakauka kila vikitoka, na atabaki na ua wenye upara upande mmoja. Aipande nyuma ya nyumba, nyumba iwe ndiyo kinga yake.

Sasa mizizi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Asiyeamini nguvu ya ukoo huu aende Gede, kilomita kama 16 kusini mwa hapa. Watu walipouhama mji ule wa mawe katika karne ya 17, msitu uliingia ndani ya nyumba. Mikuyu ya mwituni haikuhitaji hata udongo. Ndege anadondosha mbegu juu ya ukuta, mbegu inaota kwenye ufa, halafu mizizi inateremka ukutani polepole mpaka ifike ardhini. Ikishafika ardhini inanenepa. Utaona mzizi umekumbatia mawe yaliyopangwa na fundi zamani, na huwezi kuutoa mzizi bila kuuangusha ukuta. Miti ile ni ya kienyeji na yetu ya ua imetoka mbali, lakini tabia ni ya ukoo mmoja.

Sasa tazama tunavyopanda. Mtu ana kiwanja cha futi 50 kwa 100. Ukuta wa jirani uko hapa, shimo la maji taka liko pale, bomba la maji linapita katikati, na yeye anapanga miche ya fikasi juu ya bomba kabisa, kwa kuwa pale ndipo udongo ulipo laini. Mzizi wa fikasi unafuata unyevu. Bomba likivuja tone moja kwenye kiungo, vizizi vidogo vinalizunguka, vinaingia, vinajaza. Sehemu nyingi za pwani yetu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ukichimba futi moja au mbili unagonga mwamba wa matumbawe. Mzizi ukishindwa kwenda chini unakwenda pembeni, juujuu, na ndipo unapoona mawe ya kabro yameinuka na sakafu ya baraza imepata ufa ambao kila mwaka unapanuka.

Mimi ninashauri hivi, na sitaki kubishana nalo: mita 3 kutoka shimo la maji taka, kisima, tangi la chini ya ardhi na msingi wa nyumba. Ukipata zaidi, afadhali. Kutoka mpaka wa jirani ingia ndani mita moja, ili fundi apate pa kusimama akikata upande wa pili, asiwe kila mwezi anabisha hodi kwa watu. Ua unaokatwa daima hauotoi mizizi mikubwa kama mti ulioachwa, hilo ni kweli, na ndiyo sababu nyingine ya kutouacha. Kama kiwanja chako hakikupi nafasi hiyo, basi fikasi si mti wako, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kuchimba nitapita haraka, kwa kuwa kazi hiyo mnaijua kunishinda. Chimba mtaro badala ya mashimo mojamoja, upana na kina sentimita 50 hadi 60, na penye mwamba tumia mtaimbo. Tandaza makumbi ya nazi chini, yanashika maji muda mrefu. Changanya udongo mwekundu na samadi iliyooza sawasawa, isiwe samadi mbichi. Acha sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche. Anayebana miche sentimita 30 ili ua uzibe haraka atafurahi mwaka mmoja, kisha miche itaanza kunyang'anyana maji na mingine kufa katikati ya safu, na pengo la katikati ni gumu sana kuziba. Ukiutoa mche mfukoni ukaona mizizi imejizungusha, ichane kwa kisu pande tatu au nne, iachane. Ukiipanda vile ilivyo itaendelea kujizungusha hata ardhini.

Na kuchagua mche: wenye nyumba wanapenda mrefu. Wanalipia urefu. Mimi nawaomba mlipie matawi ya chini. Mche wa futi mbili wenye matawi kuanzia kwenye udongo utakupa ua mzuri kuliko mche wa futi sita wenye mguu mtupu, kwa sababu mguu mtupu ni kazi kubwa kuuvisha.

Haya, tumepanda, mvua imenyesha, majani mapya yametoka. Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika, na linafanywa kwa mapenzi. Mwenye nyumba anaona mche unapanda, anafurahi, anasema uacheni ufike juu kwanza, tutakata ukifika. Ndugu zangu, ua wa fikasi hujengwa kuanzia chini, na hujengwa kwa kukata. Ncha ya juu ya mche ndiyo inayovizuia vichipukizi vya chini visiamke. Ukiikata ncha, macho yaliyolala shinani yanafunguka, na pale palipokuwa na tawi moja yanatoka mawili au matatu. Ukiiacha, nguvu yote inakwenda juu. Kwa hiyo mche ukishashika, ukishatoa majani mapya, ondoa theluthi moja ya juu. Ukiongeza sentimita 20 au 30, kata tena nusu ya ulichopata. Fanya hivyo misimu miwili. Moyo utakataa, najua, na jirani atakuuliza kwa nini unautesa mti. Samaki mkunje angali mbichi: ua uliopanda mita 2 bila kukatwa hauwezi tena kujaa chini mpaka uukate wote uanze upya.

Kuna jambo la umbo nalo. Ua uwe mpana chini, mwembamba juu. Hapa kwetu wengi tunafanya kinyume, kwa sababu juu ndiko mwanga uliko na ndiko ua unakojaza wenyewe, nasi tunafuata unavyotaka. Kinachotokea ni kwamba bega la juu linalitia kivuli tumbo la chini, majani ya chini yanapukutika, na baada ya miaka michache mbuzi wanapita chini yake. Simama mwisho wa safu uangalie. Ukiona upande unaingia ndani jinsi unavyopanda, uko sawa.

Juu ya urefu nina maoni yangu. Ua usipite pale mkono wa mkataji unapofika akiwa amesimama chini. Mita moja na nusu, mita 2 kwa wingi. Kila unachoongeza juu ya hapo kinamhitaji mtu kupanda ngazi, na ngazi nyingi za bustani zetu ni mbao mbili zilizopigiliwa vipande, zimesimamishwa juu ya mchanga. Nimeona vijana wakikata kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia tawi lile lile linalokatwa. Mwenye nyumba anayetaka ua wa mita 4 anunue jukwaa la kusimamia lililo imara, alipe watu wawili, mmoja wa kukata na mmoja wa kushika. Kuokoa pesa juu ya mgongo wa mtu si haki.

Tena kuna utomvu. Ukikata tawi la fikasi unatoka mweupe, mzito, unanata. Kwa wengine haufanyi kitu. Kwa wengine ngozi inawasha na kufura, na ukiingia machoni ni hatari. Wapo wasiopatana na utomvu wa aina hii kabisa, wakapata shida hata ya kupumua. Vaa glovu na mikono mirefu, funika macho, usijifute jasho kwa mkono uliokata, na ukimaliza nawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto. Makasi yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa sababu utomvu ukikauka kwenye makali maji peke yake hayautoi. Na makasi yenye makali butu hayakati, yanatafuna: ncha zinabaki na nyuzi, baada ya siku mbili ua mzima umekuwa na rangi ya kahawia juu.

Kabla ya kukata, pitisha mkono polepole ndani ya majani. Shore hupenda kujenga humo, na nyuki nao. Ukikuta kiota chenye mayai, ruka sehemu hiyo, rudi baada ya wiki kadhaa. Ua hautapungukiwa na kitu.

Maji. Malindi tunapata mvua karibu milimita 1,000 kwa mwaka, lakini haigawanyiki sawa: Mei inamwagika, Januari na Februari ardhi inapasuka. Mche mchanga hauwezi kuvuka kaskazi yake ya kwanza bila msaada. Mpe lita 10 kila mmoja, mara mbili kwa wiki, polepole, ziingie ndani. Kunyunyiza kila jioni kwa mpira, dakika mbili mbili, kunalowesha vumbi la juu tu, na kunaifundisha mizizi kukaa juu, mahali hasa tusipoitaka. Funika shina kwa majani makavu au makuti makuukuu, ila yasiguse gome. Ikivuka kaskazi ya pili, punguza. Fikasi iliyoshika hustahimili kiangazi, na maji ya mfereji yanayotoka huko Baricho, kando ya mto Sabaki, yana watu wanaoyahitaji kuliko ua.

Anayetumia maji ya kisima ayaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, utaiona kwenye ukingo wa jani: mstari wa kahawia unaoanzia nchani. Hapo ongeza maji kwa wingi mara moja moja ili yaisukume chumvi chini, usiyatoe kidogo kidogo. Na jani jipya likiwa la manjano huku mishipa yake ni ya kijani, hicho si kiu. Matumbawe ni chokaa, na udongo wenye chokaa nyingi huyafunga madini ya chuma, mti hauyapati. Samadi iliyooza na mboji kila mwaka husaidia polepole.

Watu huja kwangu na hofu: nimepanda juzi, majani yote yameanguka, mti umekufa. Taratibu. Fikasi ikihamishwa kutoka kivuli cha kitalu kwenda jua kali hupukutisha majani, ndiyo tabia yake. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani na unyevu, mti uko hai. Usiongeze maji kwa hofu, usiweke mbolea, subiri.

Wadudu nitataja mmoja kwa kirefu, kwa sababu yeye ndiye anayewasumbua wengi bila wao kumjua. Utaona majani machanga ya nchani yamejikunja katikati, kingo mbili zimekutana, na mgongoni yana madoa mekundu yanayoelekea zambarau. Likunjue moja. Ndani utakuta wadudu weusi, wembamba, wa urefu wa milimita 2 au 3, wanatambaa, na pembeni yao watoto wa rangi ya manjano na mayai. Hao ni thiripi wa fikasi. Dawa ya kunyunyiza haiwafikii vizuri kwa sababu jani limewafungia. Kata hizo ncha, zitie kwenye mfuko, zifunge kabisa au zichome, usiziache chini ya ua. Kisha nyunyiza mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, hasa kwenye majani yanayochipuka. Wadudu weupe wa unga na wale wa magamba hushindwa na maji ya sabuni yakirudiwa kila wiki. Ukiona majani yamepakwa weusi kama masizi na sisimizi wanapanda na kushuka, tafuta wadudu hao juu yake, maana masizi yanaota kwenye utamu wanaoudondosha.

Wenye nyua za zamani zilizoachwa miaka mingi, msikate tamaa. Fikasi huchipuka hata kwenye shina kuukuu. Kata upande mmoja sana, karibu na shina, mwanzoni mwa masika, uache upande wa pili na majani yake uulishe mti. Mwaka unaofuata kata wa pili. Usifanye kazi hiyo Januari: gome lililozoea kivuli likifunuliwa ghafla kwenye jua la kaskazi linaungua.

Mama mmoja kutoka Muyeye ameniuliza kabla hatujaanza: kiwanja changu ni kidogo, choo kiko pale pale, nipande nini? Mama, panda mhina. Ua wa mhina unazaa maua yenye harufu nzuri, haukupi shida ya mizizi ya fikasi, na siku ya arusi majani yako uani. Au bogenvilia, ukitaka miiba ya kumzuia mwizi na maji huna. Fikasi waachie wenye nafasi.

Na kijana pale nyuma aliuliza kwa nini hatupandi kwa mbegu. Ua la fikasi limefichwa ndani ya tunda lenyewe, na kila aina ina nyigu wake mdogo sana anayeingia kuchavusha. Nyigu huyo asipokuwepo, mbegu hazioti. Alipoufuata mti huo huko Florida na Hawaii, fikasi zikaanza kuota kwenye kuta na mapaa bila kupandwa na mtu. Kwetu njia ni vipandikizi, na hili liwe la faida kwenu vijana, kwa sababu kila mkiukata ua mnatupa miche. Chukua tawi lisilo laini sana wala gumu, sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, liache kidogo mpaka utomvu usimame, lioshe, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na makumbi yaliyosagika, kivulini, na ulifunike kwa plastiki lisikauke. Kwa joto letu, wiki 4 hadi 6 lina mizizi. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, atakupa, na utakuwa na kitalu chako.

Nimeleta matawi yaliyokatwa asubuhi hii, yako pale chini ya mwembe pamoja na visu na mifuko. Twendeni tukate pamoja, na kila mmoja aondoke na vitatu vya kwake.